Mshale wa Jumapili Saa Kumi

Kituo cha hali ya hewa, mlimani
2 Februari

Baba, shikamoo.

Nimefika salama na mzigo wote umefika salama, isipokuwa birika ulilonilazimisha nibebe. Hilo limebondeka ubavu na sasa linamwaga chai pande mbili. Kituo chenyewe ni nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, kibanda cha vipimo, tangi la maji na upepo. Upepo ndio mwenye nyumba, sisi wengine ni wapangaji.

Tuko wawili tu, mimi na mpishi. Ameajiriwa kupika, lakini anafagia, anafunga mabomba, anawasha jenereta na kunigombeza nisipomaliza chakula. Ni mtu wa makamo, mwembamba, anaimba tangu anapofungua macho, na sauti hana kabisa. Aliponiona natandaza waya uani aliuliza kama ni wa kuanikia nguo. Nilipomwambia kwamba kwa waya huo nitaongea na baba yangu, alicheka mpaka akakaa chini. Basi Jumapili saa kumi ukaita, sauti ikaingia kama uko jikoni kwetu. Akasimama na mwiko mkononi akaiamkia redio: "Shikamoo mzee!"

Lakini wewe ulinipata vibaya, au siyo? Nilikuuliza kuhusu mguu wa mama, ukanijibu kwamba mvua bado. Waya nimeufunga mita mbili tu kutoka chini, kwenye nguzo za uzio, kwa hiyo najua kosa ni langu. Niambie nifanye nini. Huku hakuna simu, na redio ya kazi ni ya kutuma namba za mvua na upepo tu, tena bosi anasikiliza. Jumapili saa kumi ndiyo saa yangu pekee ya kuwa na watu wangu. Barua zinakuja na lori la chakula, kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne.

Binti yako,
Waya


Nyumbani
9 Februari

Waya wangu, marahaba.

Mita mbili! Kwani mimi nilimsomesha nani hapa nyumbani? Nilikupa jina la Waya kwa sababu ulizaliwa mwembamba na ukishikwa vibaya unapiga shoti, sikujua kwamba utakuja kuning'inia chini kama kamba ya nguo. Waya uliolala hivyo unarusha sauti juu, inawasalimia malaika, kisha inakurudia mwenyewe. Tafuta milingoti mirefu uupandishe mpaka mita kumi. Na usikate kwa pupa. Ukikata mrefu, utaupunguza kidogo kidogo huku unatazama kipimo cha nguvu inayorudi. Ukikata mfupi, utalia, na waya haurefuki kwa machozi.

Jumapili hewa ilikuwa chafu mno. Nilikuwa naokota neno hapa na neno pale, kama mtu anayechambua mchele gizani. Kwangu hakuna tatizo. Mnara wa nyuma ya nyumba nimeukagua bolti kwa bolti, redio nimeifungua nikaifuta vumbi. Kwa hiyo kosa liko upande wako, na kosa la antena si aibu. Dawa yake ni kwenda juu.

Usinijibu kwamba umechoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mpe salamu huyo mpishi. Mtu anayeiamkia redio ni mtu aliyelelewa.

Baba yako


(nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Mwanangu,

Naandika mgongoni mwa barua ya baba yako kwa sababu kalamu anayo yeye, bahasha anayo yeye, na posta anakwenda yeye. Kila nitakaloandika atalisoma kabla hajalamba gundi. Mguu wangu umepona. Fundi cherehani wa jirani anakusalimu, anasema gauni lako bado linangoja uje upimwe.

Jambo moja tu. Baba yako hasikii siku hizi. Nikisema naye ni kama nasema na ukuta. Namwambia twende hospitali, anainuka anakwenda kwenye mnara wake. Wewe ndiye kipenzi chake, labda utajua la kumfanya. Una akili, utanielewa.

Mama


Mlimani
2 Machi

Baba na mama, shikamooni.

Mama, umenichekesha mpaka mpishi akaja kuuliza kuna nini. Baba hasikii! Tangu lini akasikia? Wewe mwenyewe ulinihadithia kwamba siku ya harusi yenu aliambiwa asipande paani kufunga spika, naye akapanda na suti yake. Sikio la kufa halisikii dawa. Kama ni yale magoti, mpake dawa akiwa amelala.

Baba, nimefanya ulivyosema. Tumesimamisha milingoti ya mbao, maana mabomba ya maji yasiyotumika nyuma ya tangi ni mazito mno, mimi nikikaza, mpishi akivuta kamba na kuimba ili kamba isichoke, eti. Waya mpya uko mita kumi, ule wa uzioni nimeuacha palepale. Nimeupunguza kidole kwa kidole mpaka nguvu inayorudi imekuwa kama hakuna. Jumapili ukasema mshale wa redio yako, ule unaopima nguvu ya sauti yangu, umepanda mpaka tisa. Tisa, Baba! Mtu akikuingia kwa tisa unamsikia mpaka akimeza mate. Lakini nilipokwambia kwamba jino linanitesa ukajibu, "Vizuri sana, endelea hivyo hivyo." Labda kipimo chako kimezeeka, kinadanganya. Au spika imechanika. Hebu ifungue uitazame.

Nisikufiche, baada ya kuzima nilikaa nje nikalia. Mimi nakusikia, wewe hunisikii. Ni kama kugonga mlango huku unawaona watu wa ndani wamekaa.

Waya


Nyumbani
9 Machi

Waya,

Pole na jino. Mimi nilisikia "jiko", nikadhani mmepata jiko jipya.

Kipimo hakidanganyi wala spika haijachanika, na usinifundishe kazi niliyoifanya kabla mama yako hajanikubali. Mshale unapanda lakini sauti imejaa mikwaruzo. Nguvu ni kitu kimoja, uwazi ni kingine. Sasa nataka ujenge mnara wa kweli. Uliniandikia kwamba nyuma ya tangi kuna mabomba ya maji yasiyotumika. Unganisha kipande kwa kipande, uende mita ishirini. Kila hatua iwe na kamba tatu, zivutwe pande tatu sawasawa, na vigingi vizame ardhini mpaka vikatae kuzama. Mtu asipande bila mkanda. Mtu asipande upepo ukivuma.

Wala usidhani sitaki kukusikia. Tangu asubuhi ya Jumapili mimi nangoja saa kumi. Muulize mama yako. Nanyoa ndevu kana kwamba utaniona.

Mpe salamu mpishi.

Baba yako


Mlimani
17 Machi

Baba, shikamoo.

Naandikia juu ya boneti, dereva anashusha unga na hataki kungoja, anasema mlima huu unamlia breki.

Redio ya kazi imekufa. Radi iliipiga wiki iliyopita, na dereva anasema fundi wa ofisi hawezi kuja mpaka mwezi ujao. Nilikueleza Jumapili, ukajibu, "Hongereni sana." Mpishi anasema ukipongezwa kwa kupigwa na radi ujue umeshafika mbali kimaisha. Tumecheka, lakini Baba, sasa wewe ndiye njia yetu pekee ya kutoka huku. Likitupata jambo, hakuna mwingine wa kumwita. Kwa hiyo mnara huu si wa mapenzi tu tena.

Ule mnara wa mabomba ulioniagiza hewani tumeshauanza, tumefika mita kumi na mbili. Mimi natazama kipimo, mpishi ndiye anayepanda. Anasema ana uzito wa paka, na mimi nikianguka atamwambia nini mzee wangu? Mkanda tumeushona kutoka kiti cha lori bovu. Anakusalimu sana. Anakuita Mzee wa Hewani, na anauliza: mnara ukikamilika, akiimba utamsikia? Nimemwambia utamsikia na utajuta.

Tunataka tumalize Jumapili ya tarehe 29, kabla ya saa kumi.

Waya


Kwa fundi cherehani
25 Machi

Mwanangu,

Barua hii naiandikia dukani kwa jirani, juu ya meza ya kukatia vitambaa, naye ataipeleka posta kwa mkono wake. Ukijibu, tumia anwani yake.

Nilikwambia baba yako hasikii, ukacheka. Niliposoma lile la sikio la kufa nilijifungia bafuni. Sikusema kwamba hakubali maneno ya watu. Nilisema hasikii. Masikio yake yamekufa, mwanangu. La kushoto lilitangulia mwaka jana, la kulia lilifuata kabla hujaondoka, na sisi tukadhani ni jeuri yake ya kawaida.

Antena yako haina kosa. Hata ule waya wa uzioni haukuwa na kosa. Mimi nilikuwa jikoni nakusikia kila neno, mpaka mpishi wako akipiga chafya. Yeye anakaa pale, kanyoa, anatazama mshale. Ukiongea mshale unacheza, ukinyamaza unalala. Ukilala anajua zamu yake imefika, anasema "Nimekupata." Nilijaribu kumwandikia maneno yako kwenye karatasi, akaichana, akanitoa chumbani. Ameniapisha nisikuambie. Anasema, "Mtoto yuko peke yake mlimani, asijue kwamba hana anayemsikia." Nimemnunia, nimembembeleza, nimekasirika. Sina ninaloliweza.

Anakutuma juu ili asiseme. Kila mita unayopanda ni neno ambalo yeye ameshindwa kulitamka. Acha kujenga, nakuomba. Naota mabomba hayo kila nikilala. Jumapili hii sitakuwepo nyumbani, mdogo wangu anapasuliwa na lazima niwe naye. Siku hiyo usimwambie jambo lolote la maana. Nikirudi nitasimama mlangoni nikusikie mimi.

Mama


Mlimani
Jumatatu, 30 Machi

Baba,

Leo sikuamkii.

Ulisema unanisikia.

Jana tulikuwa tumebakiza kamba moja ya juu. Upepo ulianza, nikamwambia ashuke. Akasema, "Bado kidogo, mzee anangoja saa kumi." Kigingi cha upande wa tangi kikang'oka kwenye changarawe. Mnara ulijikunja polepole, nikauona wote ukija. Alikuwa amefunga mkanda, Baba. Mkanda ulimshika vizuri kabisa. Ulimshika mpaka chini.

Nilimburuta kwa blanketi mpaka chumba cha redio, nikamlaza kwenye godoro langu. Antena mpya ilikuwa imezikwa chini ya mabomba. Nikaunga ule waya wa kwanza wa uzioni, ule wa mita mbili uliousema vibaya. Saa kumi ukaita. Nikasema: Baba, mpishi ameanguka, anatoka damu mdomoni, kimbia kwa fundi cherehani upige simu hospitali, gari lije mlimani. Nilisema mara tatu, taratibu, neno moja moja, kama ulivyonifundisha kuongea penye kelele. Nikanyamaza.

Ukajibu: "Nimekupata, Waya! Mshale umepanda mpaka mwisho! Huo ndio mnara sasa. Nakusikia kana kwamba uko sebuleni. Mpe mpishi salamu zangu, mwambie kazi yake nimeiona."

Nikapiga kelele. Ukasema, "Leo naona una furaha." Nikalia kwenye maikrofoni, ukangoja nimalize, ukasema tuonane Jumapili, ukazima. Nikaita yeyote anayenisikia. Niliita mpaka betri zikaisha. Hakuna aliyejibu.

Yeye alikuwa hapo chini ya meza, spika iko wazi. Alikusikia. Aliniona nalia, akanishika kifundo cha mguu, akasema, "Mwitikie mzee. Mwambie nimepokea." Amefariki leo alfajiri. 

Niambie, Baba. Ulisikia nini?


Mlimani
31 Machi

Mama,

Lori limefika asubuhi hii. Dereva alishusha barua yako, kisha akampakia mpishi. Niliisoma nimesimama, nimeshika mlango wa lori ili upepo usiufunge.

Dereva akaniuliza ndugu zake wako wapi ili wapelekewe habari. Sikujua. Nimekula chakula cha mtu huyu kila siku na ninachojua ni nyimbo zake tu. Nilitaka kwenda naye, lakini kituo hakiachwi bila mtu, ndiyo sheria, na dereva ameshawasha gari, anangoja barua hii tu. Nabaki na vyombo vyake. Mwiko uko palepale alipouacha.

Ndani ya bahasha hii kuna barua niliyomwandikia Baba jana, kabla sijajua. Kila neno lake ni kweli, na sijui tena kama linamhusu. Nimemkasirikia, nikamhurumia, nikarudi kumkasirikia. Mimi ndiye niliyekaza kamba, Mama. Mimi ndiye niliyeshindilia kile kigingi.

Wewe unamwona uso, mimi simwoni. Amua kama utampa.

Waya


Kwa fundi cherehani
6 Aprili

Mwanangu,

Pole. Nimeliandika neno hilo na naliona dogo, lakini sina lingine.

Jana niliichukua barua yako mpaka mlangoni kwake. Alikuwa ananyoa. Akaniona kwenye kioo, akasema, "Harakisha, leo nataka kumsikia yule mpishi akiimba." Nikaikunja nikaondoka. Usinilaumu.

Saa kumi alikaa mbele ya redio. Mshale haukutikisika, na mimi niliyesimama mlangoni sikusikia kitu. Aliita, akangoja, akaita. Giza lilipoingia akasema bila shaka mnakaza kamba.

Kuna jambo lingine. Nilipokuwa kwa mdogo wangu, baba yako alimwandikia mpishi barua, akaipeleka posta kesho yake. Itakuja na lori. Nimeshindwa kuizuia, kama nilivyoshindwa yote.

Mama


Nyumbani
Jumapili, 29 Machi

Kwa ndugu yangu mpishi wa mlimani,

Hatujuani uso, lakini uliniamkia siku ya kwanza, na binti yangu anasema hukubali alale na njaa. Kwa hiyo wewe ni ndugu, utake usitake.

Nimetoka kuzima redio sasa hivi na siwezi kutulia. Mke wangu amesafiri, sina wa kumsimulia. Nikwambie siri. Mimi sisikii. Sikio moja liliniaga mwaka jana, na la pili halikutaka kubaki peke yake. Namwona binti yangu kwenye mshale tu. Akiongea unacheza, akifikiri unatulia. Nimeshajifunza mwendo wake, kama vile mtu anavyomjua mwenzake kwa hatua za miguu. Aliponiuliza mbona simsikii, nikamwambia apandishe antena. Akapandisha. Nikaona haya kurudi nyuma, nikamwambia apandishe tena. Mzee mzima, nimejenga mnara kwa uongo.

Lakini leo! Leo mshale ulipanda mpaka mwisho, ukawa unagonga pale kana kwamba unataka kuvunja kioo. Aliongea sana, bila kupumzika. Sijawahi kumwona akifurahi hivyo. Nikajua mnara umesimama, na mikono iliyousimamisha ni yako. Nilitamani kumwambia "rudia", lakini kurudia kungenifaa nini?

Usimwambie. Akija likizo nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana, anione nikiona aibu. Wewe mtunze tu. Asipande yeye, na wewe usipande siku ya upepo.

Na siku ukiniimbia, imba kwa nguvu. Nitakuona.

Wako,
Mzee wa Hewani


Mlimani
14 Aprili

Baba, shikamoo.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Upepo umeangusha mnara, na sitaujenga tena. Ule waya wa uzioni unatosha.

Barua uliyomwandikia mpishi imefika leo na lori. Yeye ameshaondoka hapa kituoni, na sidhani kama atarudi. Sijaifungua. Nimeiweka pamoja na mwiko wake.

Jumapili saa kumi nitaita. Sina mengi, lakini nitaongea kwa muda mrefu, hata kama ni kuhesabu mawingu. Wewe kaa tu palepale unapokaa.

Zile salamu zako za mwisho, usiwe na wasiwasi, zilimfika. Spika ilikuwa wazi, alikusikia neno kwa neno.

Alisema nikwambie amepokea.

Waya